Kumbukumbu si Hifadhi: Istilahi za Kuongeza Uwezo wa Kompyuta ya Nyumbani

1. Utangulizi

Makala haya yanajadili maneno machache yanayomhusu mtu anayetaka kuchagua prosesa na vipuri vingine ili aiongezee uwezo kompyuta yake ya nyumbani. Mengi ya maneno hayo si mageni. Yamo katika midomo ya mafundi, na baadhi yamekwisha kuingia katika vitabu vya shule. Tunalotaka kulisisitiza ni kipimo cha kuyapimia. Kwa desturi, istilahi hupimwa kwa ufupi wake, kwa kukubaliana kwake na sarufi, na kwa urahisi wa kuinyambua. Tunapendekeza kuongeza kipimo kimoja: je, mtu akiliandika neno hilo katika orodha ya manunuzi na kumpa mwingine aende dukani, kitakacholetwa ndicho kilichokusudiwa?

Kipimo hiki sikukipata vitabuni. Jirani yangu mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa umri wa baba yangu, nami humwita Mwalimu kama wamwitavyo watu wote mtaani. Anayo kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel aina ya i5-6500, ambayo huitumia kuandalia mitihani na taarifa za maendeleo ya wanafunzi. Alipopata habari kwamba kompyuta yake haikubaliki kwa Windows 11, alikuja kuniuliza anunue nini, akiamini kwamba mtu ashughulikaye na istilahi kila siku hawezi kukosea majina ya vitu. Nikamwandikia kwa Kiswahili safi: prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, soketi 1151, na kumbukumbu ya GB 8.

Mwalimu alirudi jioni na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa prosesa aina ya i5-8400. Cha pili kilikuwa kadi ndogo ya simu, ile ambayo watu huiita memori kadi, yenye ujazo wa GB 8. Kadi ile haikuwa na kazi yoyote katika shughuli yetu. Prosesa nayo ilikaa vizuri katika soketi, lakini kompyuta haikuwaka. Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, uliniandikia 1151, nami nimenunua 1151. Mbona haiwaki?" Katika risiti yalikuwamo maneno tuliyoyazoea sote: mali ikishauzwa hairudishwi. Fedha ile alikuwa ameiweka akiba kwa muhula mzima.

Muuzaji hakuwa na kosa, kwani alitoa kilichoandikwa. Kosa lilikuwa katika orodha yangu, na lilikuwa kosa la istilahi mara mbili. Mahali pamoja nilitumia neno moja lenye maana mbili, na mahali pengine sikuwa na neno kabisa kwa kitu ambacho ilikuwa lazima kukitaja. Aina hizo mbili za kosa ndizo zitakazotuongoza katika makala haya.

2. Historia kwa ufupi

Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, kifaa tunachokiita prosesa kilikuwa hakijatengenezwa katika umbo lake la sasa. Prosesa ya kwanza iliyouzwa ikiwa katika chipu moja, Intel 4004, ilitoka mwaka 1971, nayo ilikuwa na transista zipatazo 2,300. Hapa Tanzania, mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa hiyo, wakati istilahi za sheria, uchumi na elimu zilipokuwa zikisanifiwa kwa bidii, kompyuta yenyewe haikuwa kitu cha kila siku ambacho wananchi wangekitafutia majina.

Baadaye yalizuka majina ya kompyuta nzima. Wengine walipendelea ngamizi. Wengine, hasa Kenya, walichagua tarakilishi, neno ambalo wengi husikia ndani yake tarakimu na akili. Na wengine walibaki na kompyuta. Mwaka 2004 ilitolewa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kazi iliyohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi za namna hiyo zilileta maneno ya vitu vinavyoonekana kwenye skrini: faili, hariri, hifadhi, chapisha. Vilivyomo ndani ya kasha havikupata uangalifu kama huo. Huko ndani majina yalitolewa na mafundi, na katika maandishi rasmi mara nyingi hayakutolewa kabisa.

Sasa haja imekuwa kubwa zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inataka, pamoja na mambo mengine, kumbukumbu isiyopungua GB 4, hifadhi isiyopungua GB 64, moduli ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni hiyo. Kwa upande wa Intel orodha hiyo huanza, isipokuwa kwa aina chache, na kizazi cha nane kilichotoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi za majumbani, shuleni na maofisini ni za kabla ya hapo. Wenye kompyuta hizo watahitaji maelezo kwa lugha wanayoielewa, na watakaoulizwa ni walimu, wafasiri na watumishi wa umma.

3. Prosesa na sifa zake

Kuna majina mawili yanayoshindana: kichakataji na prosesa. Kichakataji limetokana na kitenzi chakata. Kabla ya kuingia katika mambo ya taarifa, kitenzi hiki kilikuwa kikitumika kwa kazi kama ya kuchakata mkonge, yaani kuponda majani yake kwa mashine ili kupata nyuzi. Upanuzi wa maana kutoka mkonge hadi taarifa ni halali, maana katika hali zote mbili malighafi huingia upande mmoja na kitu chenye manufaa hutoka upande mwingine. Aidha, kitenzi hiki kina uzao: chakatwa, uchakataji, mchakato. Hata hivyo, dukani hakuna asemaye kichakataji. Husemwa prosesa, nalo ni neno linaloingia katika ngeli bila taabu: prosesa hii, prosesa hizi. Rai yangu ni kwamba prosesa likubaliwe kuwa jina la kipuri, na chakata pamoja na uzao wake yabaki kuwa maneno ya kazi inayofanywa na kipuri hicho. Hivyo tutaandika bila wasiwasi kwamba prosesa huchakata taarifa.

Prosesa hutajwa kwa sifa tatu ambazo mnunuzi hana budi kuzielewa.

Sifa ya kwanza ni idadi ya viini. Kiini ni sehemu ya prosesa inayoweza kufanya kazi yake peke yake, kana kwamba ni prosesa kamili. i5-6500 ya Mwalimu ina viini 4; i5-8400 ina viini 6. Neno kiini limekubalika, nasi hatuna sababu ya kulibadili.

Sifa ya pili ni idadi ya kazi ambazo viini vyote kwa jumla vinaweza kuzishika kwa wakati mmoja. Baadhi ya prosesa hukiwezesha kila kiini kushika kazi mbili kwa wakati mmoja. Mathalani, i7-7700 ina viini 4 lakini hushika kazi 8. Wafasiri wengi wameandika nyuzi. Tafsiri hiyo imefuata neno la kigeni na kuacha maana, kwani Mswahili akisoma "prosesa yenye nyuzi 8" atatafuta nyaya. Ninapendekeza mkondo. Kila mwalimu anajua maana ya shule yenye mikondo miwili: darasa ni lile lile, lakini linapokea makundi mawili. Tukiandika "viini 4, mikondo 8", maana inashikika mara moja. Ni kweli kwamba fizikia ina mkondo wa umeme, lakini huo hupimwa kwa ampea, ilhali huu huhesabiwa tu, hivyo si rahisi kuvichanganya.

Sifa ya tatu imetafsiriwa kuwa kasi ya saa, jambo ambalo humfanya msomaji adhani panazungumzwa kilomita kwa saa. Kinachohesabiwa ni mapigo ya umeme yanayoongoza hatua za prosesa, kama mapigo ya ngoma yanavyowaongoza wachezaji. Basi na tuseme kasi ya mapigo. Gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Jina hili linasaidia pia kuondoa kosa la kawaida la wanunuzi. Kasi ya msingi ya i5-6500 ni gigahezi 3.2, na ya i5-8400 ni gigahezi 2.8. Mtu akisikia "kasi" peke yake atachagua ile ya kwanza. Akijua kwamba ni mapigo tu, atauliza maswali mawili zaidi: je, kila pigo hufanya kazi kiasi gani, na viini vinavyofanya kazi hiyo ni vingapi? Tena prosesa za kisasa huweza kupandisha mapigo yake juu ya kasi ya msingi kazi inapozidi, nayo i5-8400 hufika gigahezi 4.0.

4. Soketi na chipu saidizi

Soketi ni neno lililokwisha kuzoeleka katika umeme wa nyumba, nalo linafaa hapa pia: ni mahali ambapo prosesa hukaa na kupata umeme na mawasiliano. Soketi hukaa juu ya ubao ambao mafundi huuita mazabodi. Katika maandishi kuna bodi mama na ubao mama. Ninapendelea la pili. Neno bodi limekwisha kubebeshwa mizigo miwili, yaani bodi ya wakurugenzi na bodi ya gari, lakini ubao ni kitu ambacho juu yake vitu vingine hubandikwa, kama ubao wa matangazo. Kuhusu mama, wapo waliosema kwamba ni tafsiri ya neno kwa neno. Ndivyo ilivyo, lakini tafsiri hiyo imeangukia mahali pema, kwa sababu Kiswahili kina sheria mama kwa maana ya sheria ambayo nyingine huitegemea.

Sasa tuitazame prosesa ya Mwalimu ambayo haikuwaka. Namba 1151 ni idadi ya viguso, yaani ncha ndogo za metali ambazo kwazo prosesa na soketi hugusana. Intel ilitumia soketi zenye viguso 1151 kuanzia mwaka 2015, kwa vizazi vya sita na vya saba. Mwaka 2017 kilipotoka kizazi cha nane kwa kompyuta za mezani, idadi ya viguso ilibaki ile ile na umbo likabaki lile lile, lakini baadhi ya viguso vilibadilishwa kazi, hasa katika upitishaji wa umeme. Pamoja na hayo, kizazi hicho kilitaka ubao mama wenye chipu za mfululizo wa 300. Ubao wa Mwalimu ulikuwa na chipu ya mfululizo wa 100. Kwa hiyo prosesa iliingia mahali pake sawasawa, wala isifanye kazi.

Chipu hiyo iliyo juu ya ubao ndiyo niliyoshindwa kuitaja, kwa kuwa sikuwa na jina lake. Kazi yake ni kuunganisha prosesa na diski, milango ya USB na vifaa vingine, na mtengenezaji huitumia kuainisha ni prosesa zipi zitakubaliwa na ubao huo. Kuiita seti ya chipu hakufai, kwa kuwa leo mara nyingi ni chipu moja. Ninapendekeza chipu saidizi. Laiti ningeandika "prosesa inayokubaliwa na ubao mama wenye chipu saidizi H110", muuzaji yeyote mwenye ujuzi angesema kwamba prosesa ya kizazi cha nane haikubaliwi hapo. Hapa ndipo inapoonekana kwamba pengo katika msamiati ni pengo katika ushauri. Hatua isiyo na jina hurukwa, na anayeiruka hugharimika.

Kampuni ya AMD ilifuata njia tofauti. Soketi yake ya AM4, iliyotoka mwaka 2016, ilitumika kwa vizazi vingi vya prosesa kabla ya AM5 kutolewa mwaka 2022. Hata hivyo, huko nako jina la soketi halikutosha. Mbao mama za mwanzo za AM4 hazikuzitambua prosesa za baadaye mpaka zilipobadilishiwa programu ndogo iliyomo ndani ya ubao, ambayo mafundi huiita bayosi. Kwa maandishi rasmi ninapendekeza programu ya kuamshia, kwa kuwa ndiyo inayoiamsha kompyuta kabla mfumo wake haujaanza kazi.

Uhusiano wote huu wa prosesa, soketi, chipu saidizi na programu ya kuamshia unahitaji neno moja. Baadhi ya wafasiri wameandika upatanifu, nami ninaliunga mkono. Walimu wa lugha wanaujua upatanisho wa kisarufi: kitabu huleta kimeanguka, wala si limeanguka. Kila kipuri nacho huleta masharti yake kwa vipuri vinavyokifuata. Katika mazungumzo, kitenzi oana kinatosha, na ndicho kinachotumiwa na mafundi wa fani nyingine kwa parafujo na nati zake: hizi zinaoana, hizi hazioani.

5. Kumbukumbu na hifadhi

Kosa langu la pili lilikuwa jepesi kwa gharama, lakini ndilo lililoenea zaidi. Neno kumbukumbu hutumika kwa vitu viwili vyenye kazi tofauti kabisa.

Kitu cha kwanza ni mahali ambapo prosesa huweka kazi inayoshughulikiwa wakati huo. Umeme ukizimika, yaliyomo hupotea. Mafundi hukiita ramu. Kitu cha pili ni mahali ambapo mafaili hutunzwa hata kompyuta ikiwa imezimwa kwa mwezi mzima. Kumbukumbu za kikao hutunzwa kabatini kwa miaka, na kwa hiyo ni rahisi mtumishi wa umma kudhani kwamba kumbukumbu ya kompyuta ndiyo inayotunza mafaili yake. Memori kadi ya simu imezidisha utata huo, na ndiyo maana Mwalimu alipewa kadi.

Ninapendekeza mgawanyo usiovunjwa. Kile cha kwanza kiitwe kumbukumbu tendaji, kwa sababu hutumika kazi inapotendeka. Kile cha pili kiitwe hifadhi. Neno kumbukumbu peke yake lisiandikwe kamwe katika orodha ya manunuzi. Pale ambapo fundi ndiye msomaji, ni halali kuandika ramu.

Kumbukumbu tendaji nayo ina masharti ya upatanifu. Vipande vya DDR3 vina viguso 240. Vya DDR4 vina viguso 288, na vya DDR5 pia vina 288, lakini pengo lililokatwa ukingoni liko mahali tofauti, kwa hiyo cha aina moja hakiingii katika nafasi ya aina nyingine. Hapa tena namba moja haithibitishi kitu kimoja. Soketi ya AM5 hukubali DDR5 tu. Soketi ya LGA1700 ya Intel, iliyotoka mwaka 2021, hukubali DDR4 au DDR5 kulingana na ubao mama ulivyoundwa. Tena kuna vipande virefu vya kompyuta za mezani na vifupi vya kompyuta za mapajani, navyo haviazimani nafasi.

Hifadhi ziko za aina mbili. Aina ya zamani ni diski inayozunguka, mara nyingi mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, ikisomwa na kichwa kinachosogea. Aina mpya haina kitu kinachosogea. Ni chipu tupu. Kwa aina hii ninapendekeza hifadhi mango. Vitabu vya sayansi hutumia mango kwa hali ya vitu vigumu, na wazee walilijua mango kuwa jiwe gumu la kusagia na kulainishia. Diski mango, neno linaloandikwa na baadhi ya watu, lina kasoro kwamba hakuna diski yoyote ndani yake.

Hifadhi mango hufungwa kwa njia mbalimbali. Inayotumia SATA husoma data kwa kiasi cha megabaiti 550 kwa sekunde. Inayotumia NVMe huweza kupita megabaiti 3,000 kwa sekunde. Zote mbili huweza kuwa na umbo moja, lile jembamba la M.2, na si kila nafasi ya M.2 hukubali zote mbili. Mbao mama nyingi za zamani hazina nafasi hiyo kabisa. Alama kama hizi, yaani SATA, NVMe, M.2 na DDR4, si istilahi za kutafsiriwa. Ni alama za bidhaa, na yafaa ziandikwe kama zilivyochapwa kwenye pakiti ili mnunuzi azilinganishe kwa macho.

6. Vipuri vingine

Kipuri cha kuzalisha picha kinaitwa kadi ya michoro au kadi ya picha. Kadi ya picha ni bora, maana kila kinachoonekana kwenye skrini ni picha, lakini si kila kitu ni mchoro. Baadhi ya prosesa zina sehemu ya picha ndani yake, na nyingine hazina. Herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel, kama i5-9400F, ina maana kwamba sehemu hiyo haipatikani. Mnunuzi asiyejua herufi hiyo, na asiye na kadi ya picha, atawasha kompyuta na kuona skrini nyeusi.

Kipuri kinachopokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kutoa volti 12, 5 na 3.3 kwa vipuri vingine huitwa pawasaplai na mafundi. Wapo walioandika kipozaumeme. Neno hilo lisitumike, kwa kuwa ni jina la transfoma. Ninapendekeza kigeuza umeme. Uwezo wake hupimwa kwa wati, nao hauna budi kuzidi jumla ya mahitaji ya prosesa, kadi ya picha na vinginevyo.

Kwa sababu hiyo hiyo, kifaa kinachoondoa joto juu ya prosesa kisiitwe kipoza bila nyongeza. Kipoza joto kinatosha, kiwe na feni au kisiwe nayo. i5-6500 na i5-8400 zote zimekadiriwa kwa wati 65, na kwa hiyo kipoza joto cha Mwalimu kilifaa kuendelea kutumika baada ya kupakwa upya dawa ya kupitishia joto.

7. Mpango wa kuchagua

Maneno yakishapatikana, ushauri wenyewe huandikika kwa ufupi.

(a) Tafuta kwanza kipuri kinachochelewesha vingine. Wafasiri wameandika shingo ya chupa, na msomaji akauliza ni chupa ipi. Semeni kipuri kinachochelewesha. Kwa mtu anayeandika barua na mitihani, kipuri hicho mara nyingi si prosesa, bali ni diski inayozunguka au uchache wa kumbukumbu tendaji. Kubadili diski kwa hifadhi mango hubadili sana muda wa kuwaka na kufungua mafaili, na ni kazi nyepesi kuliko kubadili prosesa.

(b) Ikiwa ni lazima kubadili prosesa, andika jina kamili la ubao mama na la chipu saidizi, kisha utazame orodha ya prosesa ambayo mtengenezaji wa ubao ameitangaza. Usitegemee jina la soketi peke yake.

(c) Ikiwa prosesa inayotakiwa haimo katika orodha hiyo, basi hesabu bei ya prosesa na ubao mama kwa pamoja, na uangalie kama kumbukumbu tendaji uliyo nayo itakubaliwa na ubao mpya.

(d) Hakikisha sehemu ya picha, wati za kigeuza umeme, na nafasi katika kasha. Kompyuta zilizounganishwa kiwandani huweza kuwa na ubao na kigeuza umeme vyenye maumbo ya pekee ambavyo havibadilishiki na vya madukani.

Mwalimu alifuata hatua ya tatu kinyumenyume. Kwa kuwa prosesa ilikuwa imekwisha kununuliwa, tulitafuta ubao mama uliotumika wenye chipu saidizi ya mfululizo wa 300. Ulipatikana baada ya majuma mawili. Kipande chake cha DDR4 cha GB 4 kikakubalika, tukaongeza cha GB 8. Kompyuta iliwaka. Lakini gharama ya ubao haikuwamo katika hesabu niliyompa mwanzoni, na ilikuwa juu yangu kuilipa.

8. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Prosesa: kipuri kinachotekeleza maagizo ya programu na kuchakata taarifa.
Kiini: sehemu ya prosesa inayoweza kufanya kazi peke yake.
Mkondo: mfululizo wa kazi unaoshikwa na kiini, kiini kimoja huweza kuwa na mikondo miwili.
Kasi ya mapigo: idadi ya mapigo ya kuongozea prosesa kwa sekunde moja.
Soketi: mahali pa kukalia prosesa juu ya ubao mama.
Kiguso: ncha ya metali inayounganisha kipuri na nafasi yake.
Ubao mama: ubao unaobeba na kuunganisha vipuri vyote, kwa mafundi, mazabodi.
Chipu saidizi: chipu ya ubao mama inayounganisha prosesa na vifaa vingine.
Programu ya kuamshia: programu iliyomo katika ubao mama inayoanzisha kompyuta, kwa mafundi, bayosi.
Upatanifu: hali ya vipuri kuweza kufanya kazi pamoja, kitenzi chake katika mazungumzo, oana.
Kumbukumbu tendaji: mahali pa muda pa kazi inayoendelea, kwa mafundi, ramu.
Hifadhi: mahali pa kudumu pa kutunzia mafaili.
Hifadhi mango: hifadhi ya chipu isiyo na kitu kinachosogea.
Kadi ya picha: kipuri kinachozalisha picha za skrini.
Kigeuza umeme: kipuri kinachogeuza umeme wa ukutani kwa matumizi ya kompyuta, kwa mafundi, pawasaplai.
Kipoza joto: kifaa cha kuondolea joto la prosesa.

9. Hitimisho

Orodha hii ni pendekezo, wala si uamuzi. Yapo maneno humo ambayo yataleta ubishi, hasa mkondo na chipu saidizi, nasi tunaukaribisha ubishi huo. Tungewaomba wafasiri, walimu na watumishi wanaoandaa nyaraka za manunuzi wayajaribu maneno haya kwa njia iliyo rahisi kuliko zote: waandike orodha, wampe mtu asiyejua habari za kompyuta, wamtume dukani, kisha watuletee taarifa ya alichorudi nacho. Neno litakalomrudisha mtu na kitu kisicho chake halina budi kubadilishwa, hata kama limetungwa nasi.